Wahitimu wa fedha Mwanza tunakatwa mishahara kwa hasara ambazo kampuni zimejitakia zenyewe

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu mshahara wa mwezi uliopita uingie nimekuwa nikijizuia kuandika, nikitaraji hasira itapoa. Haijapoa, na sasa naandika nikiwa na salari slipu mbele yangu. Mshahara wa msingi ni shilingi 450,000. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 45,000, kodi ya mapato 10,800, Bodi ya Mikopo 67,500, yaani asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama inavyotakiwa. Hayo nayakubali bila kinyongo, maana nilisomeshwa kwa mkopo na deni hulipwa. Chini yake kuna mstari wenye neno moja tu, "upungufu", shilingi 300,000. Nimebaki na 26,700. Kodi ya chumba changu cha Mabatini peke yake ni 50,000.

Nina shahada ya biashara, mchepuo wa fedha, niliyoipata hapa hapa Mwanza. Baada ya miezi kumi na minne ya kuzungusha bahasha kuanzia barabara ya Nyerere hadi Igogo, huku kila tangazo likidai uzoefu wa miaka mitatu, niliajiriwa na kampuni inayonunua sangara visiwani. Jina lake sitalitaja. Barua ya ajira iliniita Afisa Uendeshaji wa Fedha, na mama yangu kule Magu alishukuru Mungu kwa magoti.

Kwa wasioijua kazi hii, naomba niieleze, kwa sababu bila kuielewa hamtaona dhuluma ilipo. Wakala aliye mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, tuseme Ukerewe au Kome, anapima samaki kisha anatuma kilo kwa simu. Mimi nazidisha kilo kwa bei ya siku, natoa alichokopeshwa cha barafu na petroli, naandaa malipo kwenye akaunti ya simu ya kampuni, natuma. Usiku ukiingia nafunga siku: daftari la fedha, salio la akaunti ya simu na salio la benki lazima vikubaliane, pamoja na makato ya kila muamala, na ikiwa kuna pesa iliyorudishwa na mtandao wa simu, ijulikane imerudi kwa ajili ya malipo yapi. Miamala sitini kwa siku ni kawaida wakati samaki wanapatikana. Nilikabidhiwa kazi hiyo siku ya kwanza saa tatu asubuhi na dada aliyekuwa anaacha kazi siku hiyo hiyo saa sita mchana. Mafunzo yangu yote ni hayo masaa matatu, na hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa kwamba jambo fulani likitokea, fanya hivi.

Sasa usiku wa hasara yenyewe. Saa nne na dakika arobaini nilimlipa wakala mmoja shilingi 640,000. Kioo kikaandika kwamba muamala haukukamilika. Wakala anapiga simu kila baada ya dakika mbili, wavuvi wamemzunguka, na mimi sijawahi kuelekezwa na mtu yeyote kwamba muamala uliokwama haurudiwi mpaka uhakikishe hali yake kwenye stetimenti ya mtandao. Nikatuma tena. Miamala yote miwili ilipita. Stetimenti kamili niliipata baada ya siku kumi na moja kwa sababu ruhusa ya kuipakua alikuwa nayo mkurugenzi peke yake, na wakala alipoulizwa akajibu kwamba pesa zote zimeshaingia kwenye samaki.

Nakiri kwamba kidole kilichobonyeza mara ya pili ni changu. Lakini mfumo ule haumruhusu mtu mmoja kulipa. Unadai mwandaaji, kisha mwidhinishaji mwenye nywila yake. Nywila ya mwidhinishaji, ambaye ni mkurugenzi, iko kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu ndani ya jalada la kitabu cha risiti, kwa mwandiko wake mwenyewe wa kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza aliniambia, "Usinisumbue usiku, tumia hiyo." Kwa hiyo naandaa mimi, naidhinisha mimi kwa jina lake, na kufunga siku nalinganisha hesabu mimi. Rekodi ya mfumo inaonyesha kwamba malipo ya pili yaliidhinishwa na mkurugenzi usiku ule, ambapo kila mtu ofisini anajua alikuwa Sengerema msibani. Kampuni iliondoa kinga yake kwa mkono wake, na hasara ilipoingia ikaja kuitafuta kwenye mshahara wangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chuoni nilipata A katika somo la ukaguzi wa hesabu, na swali lililonibeba lilikuwa hilo hilo la mgawanyo wa majukumu: anayeandaa malipo asiidhinishe, anayeidhinisha asilinganishe hesabu. Niliandika kurasa tatu. Hakuna siku hata moja tuliyopewa daftari lenye makosa na stetimenti ya benki ya mwezi mzima tukaambiwa, tafuteni tofauti imetoka wapi. Wala hakuna mwalimu aliyetuambia mhitimu mwenye wiki moja kazini amjibu nini bosi anayemkabidhi nywila isiyo yake. Tulijifunza kukadiria thamani ya hisa za kampuni kubwa, jambo jema, lakini wengi wetu tuliomaliza pamoja tuko kwenye vyumba vya nyuma vya maduka ya jumla, kampuni za mikopo na wanunuzi wa samaki, tukifunga siku saa tano za usiku. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo niliishia kutoa kopi na kupanga mafaili, na msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja tu, akasaini kitabu changu akiwa amesimama mlangoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haijaacha jambo hili hewani. Ili mwajiri akate mshahara kufidia hasara, mfanyakazi awe amekubali deni kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, awe amepewa nafasi ya kujieleza, na makato yote ya kufidia hasara yasizidi robo ya ujira. Robo ya 450,000 ni 112,500. Wao wamekata 300,000, na wameniambia kwamba 340,000 iliyobaki itakatwa mwisho wa mwezi huu, wakati baada ya makato ya kisheria mimi hupokea 326,700. Yaani nifanye kazi mwezi mzima, kisha nibaki nadaiwa 13,300!

Nafasi ya kujieleza sikupewa. Niliitwa saa kumi na moja jioni, nikawekewa karatasi iliyokwisha kuchapwa, "Nakubali kulipa upungufu wote", nikaambiwa nisaini au nirudishe funguo. Nilisaini. Rafiki yangu niliyesoma naye, aliyeko kwenye kampuni ya mikopo huku Buzuruga, alisainishwa karatasi inayofanana na hiyo kwa ajili ya wateja waliotoroka na mikopo ambayo hakuiidhinisha yeye.

Nimeamua kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi muda ni siku 60, na leo kwangu ni siku ya 19. Ninayo salari slipu, barua ya ajira, nakala ya rekodi ya mfumo inayoonyesha muda na jina la mwidhinishaji, na picha ya ile karatasi ya kalamu nyekundu.

Ninachoomba kwenu, hasa mliowahi kusimama mbele ya Tume kwa shauri la makato, ni mambo mawili. La kwanza, sahihi iliyopatikana kwa kutishiwa kazi inahesabiwa kuwa ni kukubali deni, na mlithibitishaje kwamba mlitishwa wakati ndani ya chumba mlikuwa wawili tu? La pili, ile picha ya nywila itanisaidia, au itatumika kusema kwamba nami nilishiriki? Nataka kujaza fomu Jumatatu asubuhi, kabla mishahara ya mwezi huu haijaandaliwa, kwa sababu anayeiandaa ni mimi.