Mgonjwa wangu ameshafariki. Naruhusiwa kumwandika kwenye riwaya?

tabibu_wa_usiku:
Wakuu, salaam. Mimi ni daktari wa familia, na usiku naandika riwaya. Ya kwanza haikunisumbua, karibu yote niliibuni. Hii ya pili imenikalia kooni.

Mhusika wangu mkuu ni mzee aliyemuuguza mkewe mwenye ugonjwa wa kusahau, miaka na miaka, bila watoto wao kujua. (Hata hapa nimeshageuza mambo. Ugonjwa wenyewe haukuwa huo.) Walikuwa wakija pamoja kupima presha. Nikimuuliza mama swali, mzee analidaka. "Analala vizuri, daktari. Anakula vizuri." Mwanzoni ungedhani ni ubabe wa mume. Kumbe alikuwa anamsitiri, na mama alikuwa anamwachia amsitiri, macho yake yametulia kwenye mkono wangu unaojaza upepo ule mpira wa kipimo. Nilipenda sana watu hawa wawili, na sijui namna nyingine ya kusema kwaheri kwao isipokuwa kuandika.

Wote wawili wameshatangulia. Majina nimebadilisha, kazi pia, na idadi ya watoto. Lakini binti yao akifungua ukurasa wa pili tu, atamsikia baba yake. Nikimwomba ruhusa, tayari nitakuwa nimemwambia kwamba kulikuwa na jambo la kufichwa. Nisipomwomba, atalikuta dukani. Nifanyeje?

mpenda_riwaya:
Ndugu, andika. Weka mwanzoni kwamba hadithi ni ya kubuni, basi. Chekhov, yule mwandishi Mrusi, alihitimu udaktari Moscow mwaka 1884, akawatibu wakulima kule Melikhovo huku anaandika. Unadhani wakulima wale hawamo kwenye hadithi zake? Waandishi wangeogopa hivyo, tusingekuwa na cha kusoma.

daktari_mstaafu:
Mwanangu tabibu, nimeandika riwaya nne nikiwa bado na chumba cha kuonea wagonjwa, kwa hiyo nakujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza hilo la kufariki. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, liliongezewa mwaka 1968 kwamba siri za mgonjwa ziheshimiwe hata baada ya kifo chake. Mzee amekufa, lakini alichokuaminia bado unacho wewe.

Ndugu mpenda_riwaya, mfano wako nauheshimu, ila mimi ningemtazama Conan Doyle, daktari mwingine aliyeandika. Mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, alimtoa kwa Joseph Bell, mwalimu wake wa udaktari Edinburgh, na akamwandikia Bell mwenyewe barua kumwambia hivyo. Bell alikuwa hai, angeweza kujibu. Tena hakuwa amevua shati mbele ya Doyle akiomba msaada. Mgonjwa yuko katika hali nyingine kabisa. Wengi hukaa robo saa wakizungumzia kikohozi, halafu wakishashika kitasa cha mlango ndipo wanasema lililowaleta. Neno hilo la mlangoni alilitoa kwa sababu aliamini linaishia kwako.

Sasa kazi yenyewe. Kubadilisha jina na kazi ni kubadilisha nguo. Badilisha uhusiano. Wafanye dada wawili, mkubwa anamjibia mdogo. Au mdogo ndiye anayemjibia mkubwa aliyemlea, hapo pana moto zaidi. Ile sentensi ya "analala vizuri" itoe, ni ya mzee. Kilicho chako ni ule muda uliokaa kimya na mpira wa kipimo mkononi, ukijua kwamba unadanganywa na usitake kuwaumbua. Mwandike daktari huyo. Amejua lini? Kwa nini hakumtoa mzee nje amhoji mama peke yake, kama tunavyofundishwa? Hapo ndipo riwaya ilipo, na hakuna mtoto wa mtu atakayekuja kukudai.

Ukiishabadilisha hivyo hadithi ikakufia mkononi, jua ulichokuwa nacho ni faili la mgonjwa lililoandikwa vizuri. Mimi moja ilinifia, nikaiweka kando, na sijaisikitikia.

Na usisubiri likizo. William Carlos Williams alikuwa daktari wa mji mdogo wa Rutherford, New Jersey, kwa zaidi ya miaka 40, na aliandika kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, hata kwenye karatasi za kuandikia dawa.

binti_wa_kwanza:
Naomba niseme kama mtoto wa mgonjwa. Mama yangu alituficha ugonjwa wake hadi mwisho. Jina kubadilishwa kusingenisaidia kitu, ningemjua kwa namna anavyokata maneno. Kitabu kingeniambia kwamba mgeni alijua na mimi sikujua, na ningelisoma hilo pamoja na watu wengine wote. Lakini daktari wake angenipigia simu akasema tu, "Mama yako nilimpenda," ningelia kwa furaha. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu, daktari.

tabibu_wa_usiku:
Shikamoo mzee, na asante sana dada. Simu nitapiga, na kitabu sitakitaja.

Jana nimejaribu wale dada wawili, mdogo akiwa ndiye msemaji. Kwenye ukurasa wa tatu daktari wangu amekasirika, jambo ambalo sikulitarajia, na amemwambia mdogo atoke nje. Sasa yuko peke yake na mkubwa na hajui aulize nini. Kuna swali moja la kitabibu limebaki: nataka mkubwa azimie palepale, moyo usimame, mstari kwenye mashine ulale, daktari amshtue kwa umeme. Mnaonaje?

daktari_mstaafu:
Marahaba. Mstari ukilala haushtuliwi kwa umeme, unajua hilo, hayo ni ya sinema. Ni kukandamiza kifua na adrenalini. Lakini kwa nini azimie? Umemwondoa mdogo chumbani kwa shida yote hiyo. Mwache mkubwa aongee.