Ugiriki mwezi wa tisa na wazazi: tulale kisiwa gani?

Bint Mingoyo (Lindi)

Habari za leo ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Ugiriki. Mdogo wangu anafanya kazi Athens, ametualika mimi na wazazi mwezi wa tisa. Siku za mwanzo tutakaa kwake, halafu anataka sote tukapumzike kisiwani wiki moja. Pa kulala kaniachia mimi nichague. Nimekesha na simu, visiwa havihesabiki, na kila picha ni nzuri kuliko iliyopita.

Hali yetu ni hii. Mama ana magoti, hata ngazi za zahanati anapanda kwa kushikwa mkono. Baba kazaliwa na bahari, anataka kila asubuhi ashuke pwani kwa miguu yake. Chakula lazima kiwe halali. Fedha ni za korosho za msimu uliopita, na zina kikomo. Mwezi wa kumi minada ikianza baba lazima awe nyumbani.

Mdogo wangu anapendekeza Santorini, sehemu inaitwa Oia, vile vyumba vyeupe vinavyotazama bahari kutoka juu. Bei zimenishtua. Je, panafaa? Kama hapafai, wapi?

Kijana wa Shangani (Mtwara)

Santorini dada, usijiulize mara mbili. Wazazi safari kama hiyo wanaipata mara moja. Bei ikizidi punguzeni siku, lakini wapelekeni wakaone jua linavyozama pale Oia.

Baharia Mstaafu (Mikindani)

Mwanangu, wape wazazi salamu zangu. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za Wagiriki tangu ujana mpaka kustaafu. Piraeus, bandari ya Athens, ndiyo ilikuwa bandari yetu ya kurudi, na likizo nyingi nilizimalizia visiwani kwa mabaharia wenzangu. Kwa hiyo hili lako limenigusa.

Anza na magoti ya mama, picha zije baadaye. Santorini ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Katikati pakadidimia, bahari ikaingia. Fira, mji mkuu wa kisiwa, na Oia zimekaa juu kabisa ya ukingo huo, na vile vyumba vya kwenye picha vimepangwa kwenye jabali, chini ya njia. Gari linakuacha juu. Wewe na begi lako mnateremka ngazi mpaka mlangoni, na ukitaka mkate unazipanda tena. Kutoka Fira hadi bandari ya zamani peke yake kuna ngazi zaidi ya 580. Mama atashinda chumbani akitazama maji yaliyo mbali chini, na baba hatayagusa.

Kijana wa Shangani kasema kweli, jua la pale ni zuri mno. Kama moyo wa mdogo wako uko Santorini, basi laleni Kamari au Perissa, upande wa mashariki. Huko ni tambarare, mchanga ni mweusi, bahari iko mlangoni. Oia mnakwenda siku moja kwa basi na kurudi.

Lakini mimi ningewapeleka Naxos. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya kundi lile la Cyclades, na kina mashamba. Viazi vyao vinasifika Ugiriki nzima, jibini wanatengeneza wenyewe, mifugo ipo. Kisiwa kinachojilisha hakikukamui kwenye sahani. Meli kubwa kutoka Piraeus inachukua saa tano na ushei, na inapoingia mtaliona lango la marumaru limesimama peke yake kwenye kijisiwa mdomoni mwa bandari. Ni la hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, lilianzwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizwa mpaka leo.

Sasa pa kulala. Mji una kilima na ngome ya Waveneti, watawala wa zamani kutoka Venice, juu yake, wanaita Kastro. Vichochoro vya huko vinapendeza, lakini ni ngazi tupu, kwa hiyo usikodi huko hata bei ikiwa nzuri. Tafuta ufukwe wa Agios Georgios, kusini mwa mji, kama robo saa kwa miguu kutoka bandarini. Ardhi imelala, maduka yako karibu, na maji ni kina kifupi hata mama ataingia bila kushikwa. Chukueni nyumba yenye jiko dogo. Mtapika wenyewe samaki, na suala la halali mtakuwa mmelimaliza nusu.

Nusu ya pili ni mkahawani. Kule pweza wanaanikwa kwenye kamba juani, mikono inaning'inia, jioni wanachomwa kwa mkaa na kukamuliwa limau. Baba yako akiiona ile kamba atajua kafika kwa watu. Ila pweza wa mchuzi mara nyingi hutiwa mvinyo. Agizeni wa kuchoma, na muulize kabla.

Mwezi mmechagua vizuri. Mwezi wa saba na wa nane unavuma upepo wa kaskazini wanaouita meltemi. Usidhani ni kaskazi yetu ya kuwaletea watu majahazi. Huo ukikaza, meli zinazuiwa kutoka. Mwezi wa tisa unalegea, na maji bado yana joto. Hata hivyo msirudi Athens siku ileile ya ndege. Acheni angalau usiku mmoja katikati.

Mama Swaumu (Masasi)

Bint Mingoyo, kama wazazi wanataka kusikia adhana, visiwa vya Rhodes na Kos vina Waislamu wa asili tangu enzi za Waturuki. Kos kuna kijiji cha Platani chenye msikiti. Athens nako msikiti rasmi ulifunguliwa 2020, mtaa wa Votanikos.

Na viza: wanataka uthibitisho wa pa kulala, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ombi unaweza kulipeleka hata miezi 6 kabla. Kwa hiyo nyumba ichukueni mapema, lakini ile inayokubali kufutwa bila kukatwa fedha, maana viza ikichelewa mtaumia.

Baharia Mstaafu

Mama Swaumu kanena. Ila Rhodes na Kos ziko mbali, karibu na Uturuki. Kwa meli ni safari ndefu sana, kwa magoti yale nisingeshauri. Ijumaa wasali Athens.

Nyongeza ya bei: kuna kodi ya serikali ya kila usiku kwa kila chumba. Kiangazi cha 2025 hoteli ilikuwa yuro 2 mpaka 15 kwa kadiri ya nyota, nyumba nyingi za kupanga kwa siku chache yuro 8. Mara nyingi unalipa ukifika, haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Bint Mingoyo

Asante sana mzee wangu, shikamoo. Baba kasomewa, kasema Naxos, hataki kusikia kingine. Mama anauliza kuhusu kupanda meli yenyewe.

Baharia Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mwambie mama asiogope. Meli kubwa mnaingilia mlango wa nyuma, uleule wa magari, na zina lifti. Fikeni mapema, mwoneshe mfanyakazi magoti ya mama, atawapeleka. Epukeni boti ndogo za kasi, zinarukaruka. Mabegi yanaachwa kwenye rafu chini, yaandikeni jina. Naxos meli inatua dakika chache tu na kuendelea, kwa hiyo wakitangaza, teremkeni na mama mapema, mkae karibu na mlango kabla haijafunga kamba.

Na kabla ya kulipia nyumba, mwandikie mwenyewe umuulize: kutoka gari linaposimama mpaka kitandani, ngazi ngapi? Akijibu "chache", mwambie akutumie picha ya mlango.