Kuvuta trela ya kulala kwa gari la umeme, Drammen hadi Trondheim: betri itanifikisha?

Binti wa Tanga
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mwezi wa saba mama anakuja kututembelea hapa Norway kwa mara ya kwanza. Nataka nimpeleke Trondheim kwa dada, tulale njiani kwenye trela ndogo, maana bei za hoteli kiangazi hazishikiki. Gari langu ni Hyundai Ioniq 5 ya betri ya kilowati-saa 77.4. Trela ninayoazima ni ya watu wawili, kilo 900 ikishapakiwa, ina breki zake. Bila trela huwa naenda kilomita 400 sina wasiwasi. Fundi kaniambia nikifunga trela nisihesabu hata 200. Mama ana kisukari, chakula chake kina saa zake, sitaki tukwame porini. Aliyewahi kuvuta aniambie ukweli.

Mpemba wa Hamar
Marahaba mwanangu. Fundi wako kakwambia kweli. Nina gari kama lako na trela kama hiyo, huu mwaka wa tatu.

Kinachokula umeme si zile kilo 900. Ni uso wa trela, bapa kama ukuta, umesimama juu kuliko paa la gari. Ni kama kupiga bisho, kusafiri kinyume cha upepo: chombo kinakwenda, lakini kila pima unaitolea jasho. Uzito unakudai ukipanda mlima, na ukiteremka gari linajichaji, unarudishiwa sehemu. Upepo haurudishi kitu. Bila trela natumia kilowati-saa 18 hivi kwa kilomita 100. Na trela, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni 34 au 35. Siku ya upepo wa mbisho pale kwenye milima ya Dovrefjell nimeona 42. Sheria inakuruhusu 80, lakini mimi hushuka hadi 75 na tofauti naiona.

Hesabu asilimia 80 hadi 10, maana juu ya 80 kuchaji kunazorota, na chini ya 10 roho haitulii. Hapo una kilowati-saa 52 hivi, yaani kilomita 150. Drammen hadi Lillehammer ni zaidi ya 200, kwa hiyo usijaribu hata ukiwa umejaza pomoni. Simama Hamar, halafu Vinstra, Dombås na Oppdal. Pale Dombås jaza vizuri, njia inapanda kupita mita 1,000.

Kazi kubwa iko kwenye vituo vya kuchaji. Vingi vimechorwa kwa gari peke yake, na tundu la Ioniq 5 liko nyuma kulia, karibu na ndoano ya kuvutia trela. Ukiwa na trela, kebo haifiki mpaka uzibe njia ya wenzako. Basi unaifungua: breki ya mkono ya trela, kabari mbili kwenye magurudumu, shusha kigurudumu cha mbele, chomoa plagi ya taa, toa waya wa usalama, ndipo uinue mkono wa kufuli. Mwaka jana Vinstra, usiku wa mvua, nilipofunga tena nilisahau kuchomeka plagi. Iliburuzika lamini ikasagika pini zote, taa za trela hazikuwaka, tukalala palepale mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo siondoki mpaka mke wangu asimame nyuma, nikanyage breki, aseme "zimewaka".

Mashine yenye nguvu inajaza betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Ukiongeza kufungua na kufunga, kila kituo ni dakika 40. Panga milo ya mama iangukie hapo.

Mama Wawili
Naongezea upakiaji. Maji, sufuria na mitungi iwe chini, usawa wa ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, au mbele yake kidogo. Ukirundika nyuma trela itayumba, na ikianza kuyumba kwenye mteremko hutakaa uisahau. Usizidishe pia uzito ulioandikwa kwa ndoano.

Fundi Rashidi
Angalia kadi ya gari kwanza. Ioniq 5 yenye betri hiyo inaruhusiwa kilo 1,600 kwa trela yenye breki. Si magari yote ya umeme: Nissan Leaf za matoleo mawili ya kwanza hazikuidhinishwa kuvuta kabisa. Na kwa leseni ya B, ile ya kawaida ya gari dogo, uzito wa juu wa gari na wa trela kwenye kadi, ukijumlisha, usizidi kilo 3,500. Ukizidi, mpaka 4,250, unahitaji leseni ya B96.

Binti wa Tanga
Asanteni sana, nimejumlisha, naingia kwenye 3,500. Swali la mwisho: mama miguu inamvimba akikaa sana. Anaweza kujilaza kitandani ndani ya trela wakati tunakwenda?

Mpemba wa Hamar
Hapana mwanangu, ni marufuku, na breki moja ya ghafla itamrusha. Mkae naye mbele, kiti ukirudishe nyuma, chakula chake na maji viwe miguuni pake. Mkifika Hamar nipigieni hodi, kuna kebo nyumbani na chapati.