Tupeane uzoefu: simu, redio, pawabenki na takataka nyingine ulizonunua au kuzichokonoa zikakutoa jasho (wa Kusini tukutane hapa)

Mwana wa Chikongola
Wakuu habari za jioni. Leo umeme umekatika hapa Mtwara toka saa nane mchana, nikasema ngoja nitafute ile redio ya betri kwenye sanduku la uvunguni. Redio sijaiona. Nilichokutana nacho ni makaburi: simu nne hazina mifuniko, pawabenki mbili, spika ya bluetuthi imetolewa koo, na mfuko wa skrubu ambazo sijui hata moja ilitoka wapi. Mama watoto akamulika na tochi akauliza, "Hivi yote hii ilikuwa hela?"

Sikuwa na jibu. Mimi si fundi, nina ugonjwa tu wa kufungua vitu. Kitu kikiwa kizima nataka kujua ndani kuna nini, kikiharibika ndiyo kabisa. Na sisi wa huku Kariakoo iko zaidi ya kilomita mia tano, unanunua kwa picha, mzigo unakuja na basi, ukifungua boksi basi limeshageuza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, chaja yangu ya betri ililala upande wa pili. Nilikuwa nampigia konda asubuhi na jioni kama naulizia mgonjwa.

Naanza na aibu yangu. Pawabenki, elfu ishirini na tano, imeandikwa 20000 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Inaipa simu robo, inakata. Nikaichokonoa na bisibisi. Ndani kuna betri moja nyembamba kama kiganja cha mtoto, na pembeni kifuko cha nailoni kimefungwa kwa ustadi. Mchanga. Mweupe, umechekechwa, hata wa ufukwe wa Msimbati hauoni ndani.

Tiririkeni.

Binti Shangani
Bora wewe mchanga. Mimi simu yangu ya stendi, nimeinunua dirishani huku basi linatoka, ilikuwa kigae. Kimekatwa saizi ya simu, pembe zimesuguliwa, kimevishwa na kava. Wenzangu wakiuziwa sabuni angalau wanafulia. Mimi nimekiweka chini ya mguu wa kabati.

Mmwera wa Nyangao
Kigae 🤣🤣 huyo jamaa ni fundi, aheshimiwe.

Kangomba Mstaafu
Ndiyo maana mimi kila kitu nanunua kwa mizani, mazoea ya korosho. Zile betri za duara, 18650, moja inakuja gramu 45 mpaka 50. Pawabenki ya 20000 ya kweli ina mzigo wa kutosha ndani, haiwezi kuwa nyepesi kama pakiti ya biskuti. Pima kwanza, lipa baadaye.

Mtu wa Mingoyo
Mzee, umesoma mada? Yake ilikuwa na MCHANGA. Huo mchanga ndio uzito wenyewe.

Kangomba Mstaafu
Nimesoma. Naongelea ambazo hazina mchanga.

Mtu wa Mingoyo
Utajuaje hazina mchanga bila kufungua?

Kangomba Mstaafu
Itikise usikilize, kijana. Au korosho huwa unanunuaje?

Mjomba wa Kilambo
Yangu hata si ya kupigwa. Sisi tulio karibu na mto Ruvuma simu ikiamka vibaya inadaka mnara wa Msumbiji, na kule wako nyuma yetu saa nzima. Simu nayo inajirekebisha saa yenyewe, haiulizi mtu. Ramadhani moja nimetega alamu ya daku, nimeamka nimenawa, nimeketi na ugali wangu wa jana, tonge la kwanza nasikia adhana ya alfajiri. Nilifunga na tonge likiwa mkononi. Zimeni hiyo kitu ya saa kujiweka yenyewe.

Binti Shangani
Mjomba tonge ulilirudisha au ulilimalizia? Sema ukweli.

Mjomba wa Kilambo
Hilo ni baina yangu na Mola.

Babu Redio
Nyie mnazungumzia vitu vya juzi. Mimi nimeanza na redio ya baba, Lindi, enzi za RTD, Redio Tanzania. Betri sita kubwa zikiisha tunazianika juu ya bati, jioni zinasema tena kama nusu saa, sauti inatoka kwa mbali kama mtu yuko ndani ya mtungi. Siku baba kaenda shamba nikaifungua nione wanaosema wanakaa wapi. Kamba ya kuvutia mshale wa stesheni ikachomoka. Atakayeweza kuirudisha ile kamba kwenye magurudumu yake mimi nitampa binti. Nilichapwa fimbo ya mkorosho, mbichi.

Mwana wa Chikongola
Babu hiyo kamba naijua, hata mimi ilinishinda 😂 Wengine endeleeni, umeme bado.

Mkwe wa Newala
Nimesoma hapo juu neno betri mwili ukasisimka. Ngoja niandike, najua nitachekwa.

Ilikuwa Septemba, kiangazi chenyewe. Wa Newala mnajua, kule juu maji ni dhahabu, kila nyumba yenye uwezo ina kisima cha saruji cha kukingia mvua ya masika, hayo ndiyo unayokunywa mpaka mvua zirudi. Mimi naishi Mtwara mjini, nimemuoa binti wa kule, tukaenda kumsalimia mama mkwe. Nikataka nionekane mkwe mwenye akili.

Nilikuwa nimenunua betri bovu la laptopu kwa fundi, elfu kumi. Nikalipasua, ndani zipo 18650 sita. Nikazipima na mita, nne zinasoma tatu nukta kitu, mbili ziko chini ya volti moja. Moyo unaniambia zile mbili tupa. Mkono unasema zote umelipia. Nikaziunga zote sita pamoja, chanya kwa chanya, nikazichomea risasi moja kwa moja, nikazungusha selotepu nyeusi, nikazisokomeza kwenye kopo la siagi. Bodi ya kuchajia sikuweka. Nilikata waya wa chaja ya simu nikaunga hivyo hivyo, volti tano zinaingia betri. Kopo likatoka na waya mbili na ukanda wa taa.

Usiku wa kwanza sebule inawaka kama kwa diwani. Majirani wanakuja kuangalia. Mama mkwe anawaambia, "Katengeneza baba mwenyewe, kwa mikono yake." Mimi kimya, nimekunja nne.

Usiku wa tatu nimeiacha kwenye chaji, tumelala. Kama saa tisa nasikia kitu kinafuka kwa sauti, fssss, kama sufuria ya maharage inayotaka kumwaga. Ikaja harufu tamu-tamu, ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Naingia sebuleni, kopo limevimba, mfuniko umeruka, moshi mweupe umetanda mpaka kwenye kenchi. Nikavuta kanga iliyokuwa kwenye kiti nikalikumbatia kopo nikatoka nalo mbio. Moto, jamani. Kiganja hiki cha kulia mpaka leo kina alama ya ukingo wa kopo, nusu duara.

Nje giza. Mkono unaungua, akili yote imebaki na neno moja, tupa. Nikarusha mbele.

Sikusikia kishindo. Nilisikia chubwi.

Jioni walikuwa wamechota maji, bati la kufunikia kisima lilikuwa pembeni. Nimesimama pale na kanga inayonuka, nasikia maji yanatokota kule chini, bwaa bwaa bwaa, halafu kimya. Mama mkwe akatoka na kibatari. Hakupiga kelele. Akainama, akamulika kisima, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, limezama au linaelea?"

Asubuhi nimeamka nimekuta meza imeandaliwa, kikombe kiko, sahani ya mihogo iko. Chai hakuna. Nikamuuliza mke wangu, akasema, "Mama kasema maji yana betri."

Mmwera wa Nyangao
MAJI YANA BETRI. Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Binti Shangani
Limezama au linaelea?? Jibu mkwe!

Kangomba Mstaafu
Kisima kilikuwa na maji kiasi gani?

Mkwe wa Newala
Lilizama. Maji yalikuwa kama nusu ya kisima. Hakuna aliyethubutu kuyanywa, yalifyatuliwa tofali. Nililipa boza, na si moja. Nusu ya mshahara ilibaki Newala.

Mtu wa Mingoyo
Kumbe ulijenga na nyumba. Hapo hasara iko wapi?

Fundi Mkuti
Niko Masasi, natengeneza simu mwaka wa kumi na moja sasa. Ndugu yangu Mkwe, mshukuru Mungu. Betri ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, wewe umeisukumia tano bila breki. Na zile mbili zilizokufa ukaziunga na nzima, nzima zikawa zinazimwagia umeme kwa nguvu zote. Bodi ndogo ya kuchajia, TP4056, inauzwa bei ya soda chache. Halafu betri iliyokaa chini ya volti moja haifufuliwi, inazikwa.

Mwanahawa Mikindani
Fundi unahubiri vizuri, ila nani aliyemuuzia betri bovu kwa elfu kumi? Si fundi mwenzio?

Fundi Mkuti
Aliuziwa kama bovu, dada. Hakuambiwa akaunganishe ukweni.

Mwanahawa Mikindani
Nyie ni nyie tu. Mimi nilipeleka simu kubadilisha kioo, imerudi kioo kipya, kamera ya nyuma haioni na laini ya pili haisomi. Nauliza, naambiwa ilikuja hivyo. Tangu siku hiyo najifungulia mwenyewe. Kwa sisi wa pwani adui ni hewa ya chumvi, tundu la chaji linaota kijani. Naenda duka la dawa nanunua spiriti, nachukua mswaki wa zamani, nasugua taratibu, naacha ikauke kabisa ndiyo nawasha. Simu ya mwanangu ilidumbukia Mikindani kwenye maji ya bahari kabisa, niliisuuza, nikaifungua usiku ule ule, mpaka leo inapiga.

Mtu wa Mingoyo
Mchele je? Yangu niliifukia kwenye mchele siku tatu ikawaka.

Mwanahawa Mikindani
Iliwaka kwa sababu ya siku tatu. Mchele ulikuwa unaisindikiza tu.

Mtu wa Mingoyo
Kwa hiyo bibi yangu alikuwa mwongo?

Mwanahawa Mikindani
Bibi yako alikuwa na simu?

Mmwera wa Nyangao
Mods fungeni uzi 🤣

Kangomba Mstaafu
Turudi kwenye pawabenki. Hata hizi nzuri ni wezi. Yangu 20000, simu 5000, hesabu ya darasa la tatu ni mara nne. Inaishia mara tatu, tena ya tatu kwa kuomba.

Fundi Mkuti
Hujaibiwa, mzee. Ile 20000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri, simu inapewa tano. Zidisha 20000 kwa 3.7, gawa kwa tano, unapata 14800, na nyingine inapotea kwa joto. Ukikaribia mara tatu, hiyo ni nzima, itunze. Inayokupa nne ndiyo uifungue uone kuna jini gani.

Kangomba Mstaafu
Mnajua kutetea, nyie watu.

Ruangwa Kwetu
Flashi ya 2TB, elfu kumi na tano. Nimejaza picha zote za harusi ya dada. Majina ya mafaili yapo yote, ukibonyeza hakuna picha. Kumbe ndani ina giga chache, imedanganywa ijitangaze kubwa. Siku hizi nikinunua naijaza yote kwanza na programu ya H2testw, inaandika halafu inajisomea yenyewe, kama ni feki inaumbuka. Dada bado hajui.

Binti Shangani
Dada sasa anajua.

Ruangwa Kwetu
Uko hapa?? Niko chini ya miguu yako dada yangu, nitakupigia.

Babu Redio
Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki? Mimi nilikuwa nayo ile yenye laini tatu, antena ya tivii na tochi kubwa. Tukawa tunabonyeza *#06#, inatoka namba ya utambulisho wa simu, tunaituma kwenda 15090, roho mkononi kama matokeo ya darasa la saba. Ikaja kwamba feki. Sikuitupa. Haipigi ila tochi inawaka, naendea nayo msikitini.

Mjomba wa Kilambo
Ile tochi ilikuwa na adabu kuliko hizi za leo.

Mtu wa Mingoyo
Swali kwa wote. Betri ikishika moto, mchanga au maji? Nimeambiwa lithiamu ukiimwagia maji inalipuka.

Fundi Mkuti
Mchanga. Ndoo yangu iko chini ya meza kila siku.

Mwanahawa Mikindani
Maji, tena mengi. Wahudumu wa ndege wenyewe wanafundishwa kumwagia maji ipoe. Ndiyo maana hata ukipanda ndege ya Mtwara hawataki pawabenki kwenye begi la chini, wanataka uwe nayo juu, wakiona moshi waiwahi.

Kangomba Mstaafu
Kwa hiyo Mkwe wa Newala alifanya sawa?

Mkwe wa Newala
Naomba huu ujumbe nimpigie picha mama mkwe.

Mwana wa Chikongola
Umeme umerudi wakuu. Redio nayo nimeiona, mama watoto ameiweka juu ya friji siku zote.

Mgeni Nachingwea
Samahani kufufua uzi wa zamani. Pawabenki yangu imevimba kidogo tu, mfuniko umeachia upande mmoja. Naweza kuichaji mara ya mwisho ya mwisho kabisa, nimalizie mechi ya Namungo?

Mkwe wa Newala
Uko umbali gani na kisima?