Kreta ya kimondo Vredefort, inafaa kwenda?

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu habari za saa hizi. Mwezi wa nane ntakuwa Joburg kwa kaka na nataka siku moja niende Vredefort, toka sekondari natamani kusimama mahali kimondo kilipopiga. Sasa kuna jamaa ananambia sitaona shimo, ni mashamba na vilima tu. Kweli?

Mpenda Miamba:
Shimo huoni mkuu, ila nenda. Kile kitu kilipiga miaka kama bilioni 2 iliyopita, upana wa hilo shimo (kreta) wanakadiria kilomita 250 hadi 300, yaani ungeanzia hapa Dodoma mjini ungepita Morogoro bado uko ndani ya kreta. Mvua na mito vimeila, kimebaki kitovu. Ardhi ilizama ikarudi juu kwa nguvu, matabaka yaliyokuwa yamelala yakasimama, ndo hivyo vilima vya pale mji wa Parys vimejipinda nusu duara. Wewe angalia mawe! Utakuta granite kama hizi za milima yetu ila imepitiwa na mishipa myeusi tii, pale mwamba uliyeyuka kwa ule mshtuko ukaganda. Mengine yana michirizi inayotawanyika kutoka ncha moja, volkano haifanyi hivyo. Chukua mwongozaji maana mengi yako kwenye mashamba ya watu, na usimeguemegue mawe, ni urithi wa dunia tangu 2005.

Mama Kizota:
Mwanangu kama unataka shimo la kuona kwa macho nenda Tswaing, kaskazini ya Pretoria. Upana kilomita 1 na kitu, ndani kuna kiziwa cha chumvi. Zamani wengi waliamini ni volkano mpaka walipochoronga katikati ndo ikathibitika ni kimondo. Kaka yako apige simu kwanza aulize kama wamefungua.

Mwana Singida:
Na kimondo cha Mbozi je?? Tani kama 16 za chuma limelala hapo Songwe, unapanda basi la Mbeya kwa njia ya Iringa. Kreta hakuna, ila kimondo chenyewe unakishika kwa mkono, huko Vredefort kilichopiga kiliyeyuka na kugeuka mvuke.

Kijana wa Nkuhungu:
Asanteni sana wakuu, shikamoo mama. Basi ntaenda Parys, Tswaing kaka akipata gari. Mpenda Miamba, hiyo mishipa myeusi inaonekana bila kupanda mlima? Naenda na bi mkubwa na magoti yanamsumbua.

Mpenda Miamba:
Inaonekana vizuri tu, waulize machimbo ya zamani ya granite, ukuta umekatwa wima mishipa yote iko wazi.