Nyanya za kitalu nyumba Moshi: maua yanapukutika

Pasua_Shambani: Wakuu, kitalu nyumba ni mita 8 kwa 15, nguzo za miti, nailoni ya mikroni 200. Pembeni neti ya wadudu imeishia mita 1 kutoka chini, juu pamezibwa kote. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma 39. Mimea imenawiri, ila maua yanageuka njano na kudondoka. Nipulizie busta (mbolea ya kupulizia majani)?

Bustani_Tengeru: Busta iache. Joto likizidi nyuzi 35 kwa saa kadhaa chavua ya nyanya inaharibika, na ua lisilorutubishwa linadondoka. Hapo kinachokosekana ni hewa. Sakafu ni mita za mraba 120, matundu yafike angalau robo, yaani 30. Kwenye karatasi unazo (15 × 1 × 2), lakini neti ya matundu madogo inabana upepo, na vumbi la Januari likiijaza ndiyo basi tena. Isitoshe hewa ya moto hupanda, na juu umeiziba. Toboa mgongo wa paa urefu wote, upana sentimita 50, mdomo uupe upepo kisogo. Pembeni pandisha neti hadi mita 2, nailoni ikunjwe kwa bomba. Neti ioshwe mara kwa mara.

Kivuli weka cha asilimia 30 (neti inayozuia asilimia 30 ya mwanga), Januari hadi Machi tu. Masika kitoe, la sivyo mimea inarefuka bila kuzaa.

Pasua_Shambani: Nikiondoa neti kabisa?

Bustani_Tengeru: Utakuwa umemfungulia mlango kantangaze (nondo anayeshambulia nyanya, Tuta absoluta), na inzi weupe nyuma yake.

Ngaramtoni_Juu: Nyongeza: nyanya inajichavusha, ila nje upepo ndio unaotikisa ua. Ndani gonga kamba za kufungia mimea kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, umande ukishakauka. Chavua yenye unyevu inagandamana. Urea nayo punguza, majani mazito hivyo si dalili njema.

Na usinakili vipimo vya huku kwetu. Ngaramtoni Julai tunahangaika na baridi: nailoni inashushwa saa kumi jioni, saa mbili asubuhi inafunguliwa hata kama kuna ubaridi, maana unyevu ukilala ndani bakajani chelewa (ugonjwa wa ukungu) haikawii.

Pasua_Shambani: Kipimajoto nimekitundika juu mlangoni.

Bustani_Tengeru: Kishushe usawa wa maua, katikati ya kitalu, kikingwe jua. Pima tena ndipo ukate paa.