Naomba ushauri: pikapu ya kazi ya porini, nyuma iwe na springi za koili au za majani?

Nyika_Kavu

Wakuu, habari za jioni. Natafuta dabo kebini ya kazi. Makao ni Arusha, njia ni Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero hadi Ziwa Natron, mara nyingine kupandisha Loliondo. Mzigo wa kawaida ni watu 3, maji lita 100, diseli lita 120 kwenye madumu, hema la juu, friji, tairi moja ya ziada mbali na ile ya kiwandani, na sanduku la vifaa. Trela hakuna kwa sasa, huenda baadaye.

Zilizo mezani: Ranger Raptor, Navara ya koili, Hilux na Land Cruiser 79. Injini nimeshasoma vya kutosha, msinirudishe huko. Kinachonichanganya ni nyuma ya gari. Kila ninayemuuliza anasifia analoendesha. Kwa mzigo huu, koili inanipa nini na inaninyima nini? Na je, Raptor inaweza kuongezewa nguvu nyuma bila kuiharibu?

Senta_Bolti

Mkuu, kabla ya koili na majani, piga hesabu ya kilo. Watu watatu weka 240. Maji 105 pamoja na chombo. Diseli lita 120 ni kama kilo 101, na madumu 6, jumla 107. Hema 65, friji iliyojaa 40, tairi na rimu 35, vifaa 40. Hiyo ni 632. Ukifunga bampa ya chuma na winchi mbele, ongeza 90 nyingine.

Sasa angalia karatasi. Ranger ya kawaida na Hilux zinabeba tani moja hivi. Ranger Raptor inabeba kati ya kilo 600 na 700 na ushee, kutegemea mwaka na soko, na kuvuta ni kilo 2,500 wakati Ranger ya kawaida inavuta 3,500. Ni kampuni ileile na jina lilelile. Tofauti kubwa imetokana na nyuma kulainishwa ili gari ikimbie kwenye rafu rodi. Kwa hiyo Raptor kwa mzigo wako imejaa kabla hujanunua hata begi la mkaa njiani. Soma na maelezo madogo pia: kuna nchi ambazo dereva wa kilo 75 ameshahesabiwa kwenye uzito wa gari, na nyingine hapana.

Halafu mzigo unakaa wapi? Kilo 100 zikiwa mita moja nyuma ya ekseli, kwenye gari yenye milimita 3,270 kati ya ekseli na ekseli, zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa kilo 131, na zinainyanyua ya mbele kwa 31. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti. Watu wanalaumu springi wakati kosa ni madumu kupangwa mlangoni mwa bodi. Maji na diseli vikae vimegusa ukuta wa kebini.

Dada_Difu

Nimalizie upande wa ufundi, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo.

Springi ya majani inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inabeba uzito na inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Ndiyo maana ni rahisi na inavumilia. Lakini ukikanyaga mafuta kwenye mchanga au kupanda korongo, difu inataka kuzunguka kinyume na tairi, majani yanapinda umbo la S, kisha yanafyatuka. Tairi linadunda, mshiko unapotea, na huo mpigo ndio unaoua krosi, yaani kiungo cha shafti ya propela inayopeleka nguvu kwenye difu. Pia majani yanasuguana. Kwenye makunyanzi madogo ya changarawe ule msuguano unazuia springi isifanye kazi kabisa, mtikisiko unaenda moja kwa moja kwenye chasisi. Gari ikiwa tupu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu springi imetengenezwa kwa tani moja na haijapewa hata robo yake.

Koili inabeba uzito tu. Ekseli inashikwa na mikono minne ya urefu, pamoja na fimbo moja ya kukinga mwendo wa pembeni. Hapo mtengenezaji anaweza kuchagua ekseli ijipinde kiasi gani, shokapu ikae wapi, na safari ya tairi iwe ndefu kiasi gani, kila kimoja peke yake. Hiyo ndiyo faida yake halisi. Ulaini unaosifiwa ni matokeo tu.

Fimbo ya pembeni nayo ina dosari: imefungwa upande mmoja kwenye chasisi, mwingine kwenye ekseli, kwa hiyo ekseli ikipanda na kushuka inachora duara. Fimbo ya milimita 900, ekseli ikisogea milimita 150 kutoka usawa, ekseli nzima inahama pembeni karibu milimita 13. Kwa mwendo wa polepole huhisi. Kwa kasi kwenye mashimo, nyuma inatingisha kiuno. Ndiyo sababu Ranger Raptor haina fimbo hiyo, ina mfumo wa Watt: fimbo mbili na kiungo kinachozunguka katikati, ekseli inapanda na kushuka karibu wima.

Bei ya yote hayo ni bushi, ile mipira ya kwenye viungo. Majani yana sehemu 6 tu za bushi kwa gari nzima. Koili yenye mikono minne na fimbo moja ina 10. Ukiweka mfumo wa Watt zinazidi hapo, tena kile kiungo cha katikati kinakula vumbi la Natron kila siku.

Kasi_Poa

Sawa, lakini msimtishe mwenzetu. Dunia inaelekea koili. Ford waliihamisha F-150 Raptor, pikapu kubwa kuliko Ranger, kutoka majani kwenda koili kwenye toleo la 2021. Ram 1500 ina koili nyuma tangu toleo la 2009, na TRX, toleo lake la kukimbia porini, imejengwa juu ya mfumo huohuo. Toyota wenyewe, Tacoma ya 2024 matoleo mengi yamewekewa koili. Wangekuwa wajinga wote hao?

Senta_Bolti

Si wajinga, wana wateja wengine. Mnunuzi wa F-150 Raptor anataka kukimbia jangwani gari ikiwa na watu wawili na tairi la akiba. Tena kwenye hiyo Tacoma, toleo la chini kabisa la kazi limebaki na majani. Chevrolet nao Colorado ZR2 ya 2023 wameiachia majani, wakaweka fedha kwenye shokapu za Multimatic. Kwa hiyo hata huko Marekani hawajakubaliana.

Jambo ambalo halionekani kwenye tangazo ni chasisi. Majani yanaingiza uzito kwenye chasisi sehemu mbili kila upande, mbele na nyuma ya ekseli, zimeachana zaidi ya mita moja. Koili inaingiza sehemu moja, juu ya ekseli. Ukirundika mzigo nyuma ya ekseli, koili inakuwa egemeo, mkia unashuka, na chasisi inajikunja pale kati ya kebini na bodi. Ndipo dabo kebini nyingi hupindia. Na usidhani majani yanakukinga kama umeyafungia mfuko wa hewa: mfuko unakaa katikati ya springi, unachukua uzito, na chasisi inapigwa sehemu moja kama ya koili.

Nyika_Kavu

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mnasemaje kuhusu Navara basi? Ina koili lakini karatasi inasema inabeba karibu tani. Na mifuko ya hewa ndani ya koili, kwa Raptor au Navara?

Dada_Difu

Karatasi inasema uzito ambao ukiuzidisha unavunja sheria. Gari itakaa vipi ukiwa umeubeba, hiyo haikuandikwa. Chukua mfano wa hesabu: ukiongeza kilo 500 juu ya ekseli, kila upande unapata 250, yaani kama nyutoni 2,450. Springi yenye ugumu wa nyutoni 60 kwa milimita inashuka milimita 41. Yenye 35 inashuka 70. Kama nafasi iliyokuwapo hadi kwenye stopa ya mpira ni milimita 90, umebakiwa na 20, na shimo la kwanza Engaruka litazimaliza. Navara za mwanzo za koili zilijulikana kwa kukaa matako chini. Nissan wakabadilisha, kwenye baadhi ya masoko wakaweka koili zenye ugumu wa hatua mbili: laini ukiwa mtupu, ngumu ukibeba. Ukinunua iliyotumika, ulizia ina koili zipi.

Mifuko: kwenye Navara koili na shokapu vimetengana, mfuko unaingia ndani ya koili bila shida. Mifuko hiyo kwa kawaida hufanya kazi kati ya psi 5 na 35. Usiache chini ya 5, mpira utajikunja na kubanwa na koili hadi utoboke. Kwenye Raptor shokapu imepita katikati ya koili, mfuko wa namna hiyo hauna pa kukaa. Kinachobaki ni kubadilisha koili kwa ngumu zaidi, na ukishaweka koili ngumu, vali za shokapu za Fox za kiwandani, zilizopangwa kwa koili laini, hazitoshi kuizuia isirudi kwa nguvu. Shokapu zifunguliwe, zipangwe upya, zijazwe naitrojeni. Ulizia kwanza kama karibu nawe kuna mwenye mtambo huo. Na kwa yote hayo uzito unaoruhusiwa haupandi hata kilo moja. Umeinua tu matako ya gari.

Nanyuki_Diesel

Salamu kutoka upande huu wa mpaka. Wacha niongeze neno juu ya 79. Kwa kubeba, hiyo ndiyo baba yao: majani marefu nyuma, na mafundi wa kuyatengeneza wako kila mji. Lakini jua kitu kimoja. Tangu mbele ipanuliwe kwa ajili ya injini ya V8 mwaka 2007, magurudumu mawili ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, tofauti ni karibu milimita 95. Kwenye mchanga na matope yenye nyayo za malori, nyuma inapasua njia yake mpya badala ya kufuata ya mbele. Inakula nguvu na inayumba. Wapo wanaofunga ekseli iliyopanuliwa, ni gharama. Spesa za aluminiamu za bei rahisi, zile za kusogeza tairi nje, ziogope, zinabebesha bearingi na stadi za magurudumu kazi isiyo yao.

Kasi_Poa

Na ikiwa tupu 79 inapiga kama nyundo, hilo mnalificha. Mtu akirudi Arusha bila maji na diseli, mgongo utajua.

Senta_Bolti

Hatufichi. Dawa ni upepo wa tairi: kwenye changarawe ukiwa mtupu shuka hadi psi 26 hivi, punguza mwendo, rudisha ukifika lami. Hapo tairi linafanya kazi ambayo springi imeikataa.

Nyika_Kavu

Naona naelekea Hilux. Swali la mwisho: nyuma niongeze jani moja tu kwa fundi pale Unga Limited, au ninunue pakiti nzima?

Dada_Difu

Pakiti nzima. Jani la kuokoteza kutoka gari jingine ndilo linalovunja mengine. Ugumu wa jani unakwenda kwa unene mara tatu kwa wenyewe: la milimita 8 likikaa kati ya ya milimita 7, ugumu wake ni karibu mara moja na nusu ya jirani zake. Linakataa kupinda nao, mzigo unalielemea lenyewe, na pale linapoishia ndipo jani la jirani linakatikia.

Pakiti huuzwa kwa mzigo wa kudumu, yaani unaokaa ndani ya gari mwaka mzima. Maji, diseli na watu si wa kudumu. Kwako hema, friji, vifaa na tairi ni kilo 180, basi chukua ya kundi la hadi 300. Ukichukua ya 500 kwa kujihami, utarudi kwenye lile tatizo la gari tupu. Pima kwanza: jaza gari, peleka kwenye mzani wa kiwanda au wa wauza vyuma chakavu, ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake. Pima pia kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi, tupu na ikiwa na mzigo, uandike.

Wakati wa kufunga, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, kwa torki ya kitabu cha gari lako, kisha rudia baada ya kilomita 100 za vumbi na tena kwenye 1,000. Yubolti ikilegea, ekseli inateleza juu ya springi na senta bolti, ile inayoshika majani pamoja katikati, inakatika kama karoti. Bolti za bushi zisikazwe gari likining'inia kwenye jeki. Zikazwe tairi zikiwa chini na gari imekaa kwenye kimo chake, la sivyo mpira unabanwa ukiwa umejisokota na utachanika mapema. Kosa hili linafanywa gereji nyingi mno. Na usikubali kuwekewa kipande cha chuma kati ya ekseli na springi ili kuinua. Kinaongeza nguvu ya kuyapinda majani umbo la S.

Senta_Bolti

Bado moja, na hili fundi wengi hulisahau. Baadhi ya Hilux zina vali ya breki inayosoma mzigo, ina kifimbo kinachotoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli. Ukiinua nyuma milimita 40, vali inadhani gari ni tupu siku zote na inapunguza breki za nyuma, hata ukiwa na tani. Chungulia chini juu ya difu kabla ya kulipa. Kama kifimbo kipo, sehemu yake ya kushikia irekebishwe kwa kiasi kilekile ulichoinua, kisha jaribu breki ukiwa na mzigo kwenye changarawe, mwendo wa 40, mahali pasipo na watu.

Nyika_Kavu

Nimeandika yote. Jumatatu naenda kuichungulia moja hapa mjini, nitalala chini yake kwanza kabla ya kufungua boneti.